Nanosekunde zako hakuna mutu anazisoma

Kipindi cha kutetea TFC kimekaribia, na wale wa informatika wananitumia majedwali yao niyaangalie mbele ya juri. Mara nyingi programu yenyewe iko muzuri. Shida iko kwenye vipimo.

Juzi moja alinitumia jedwali la njia mbili za kupanga mistari 50 000 ya mauzo ya duka. Ya kwanza: 1284537912 ns. Ya pili: 987460218 ns. Kwenye hitimisho aliandika kwamba ya kwanza ndiyo ya haraka. Macho yake yaliona 1 na 9, basi. Hakuhesabu tarakimu. Ukiandika sekunde 1,28 na sekunde 0,99, hata mutu ambaye hajasoma informatika anaona ya pili inashinda.

Nanosekunde ni sekunde ukiigawa mara bilioni. Grace Hopper, yule mama wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa anawagawia watu vipande vya waya vya karibu sentimita 30: ndiyo umbali ambao mwanga unaenda mu nanosekunde moja. Kipimo hicho ni cha kazi ndogo kabisa, kama kujumlisha namba mbili. Kosa si la mwanafunzi peke yake, juu vyombo vingi vinatoa nanosekunde bila kuuliza. Lugha ya Go inaandika ns/op hata kama kazi imechukua sekunde nzima.

Vingine vinachagua kipimo vyenyewe, kama timeit ya Python, na hapo kuna mutego mwingine. Unanakili matokeo: A ni 950 µs, B ni 1,2 ms. Mutu anayesoma haraka atasema B ni nyepesi, kumbe A ni 0,95 ms. Hapa Goma tunalipa kwa dola na kwa faranga, na hakuna anayedanganyika kwamba 5 000 faranga inapita dola 5. Lakini dola tumeizoea. Mikrosekunde juri haijaizoea.

Kwa hiyo: safu moja, kipimo kimoja, na kiandikwe juu kwenye kichwa cha safu. Chagua kile kinachoacha tarakimu moja hadi tatu mbele ya koma. Kama matokeo yanaanza mikrosekunde 3 na kufika sekunde 40, gawanya majedwali mawili, usilazimishe.

Na koma yenyewe! Mashine inatoa 1.250 ms, sisi tumesoma kwa Kifaransa, profesa anasoma elfu moja mia mbili hamsini. Badilisha nukta zote kuwa koma. Tena, kama umerudia kipimo mara kumi na kinacheza kati ya 1,21 na 1,35, zile tarakimu tisa za nyuma hazina kazi.

Wa réseau, mujihadhari na Mb na Mo. Okteti moja ni biti 8. Mtandao wa 8 Mb kwa sekunde unapitisha 1 Mo tu kwa sekunde, kwa hiyo faili ya 100 Mo itachukua sekunde 100 ao zaidi. Herufi moja ukikosea, matokeo yako yamekosewa mara nane.

Yule wa mauzo ya duka tulikaa naye jioni moja. Jedwali lilichukua dakika kumi. Hitimisho ilibidi aliandike upya lote.