Kutoka Duka Kubwa Hadi Mitumba: Siku Yetu Keroka

Kwa mtu wa Pwani, sweta ni vazi la kusikia kwa watu. Binti yetu alipopata nafasi ya kusomea ualimu katika Kaunti ya Nyamira, ndipo tulipotambua kwamba sanduku lake zima, pamoja na mabuibui na leso zake, halikuwa na kitu hata kimoja cha kumkinga na baridi. Nyamira iko katika nyanda za juu za Gusii, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na alasiri mvua haikosi kubisha hodi. Basi tukafunga safari, kina mama wawili na mwanafunzi wetu, tukiwa na shilingi 6,000 tulizozitenga kwa mahitaji yake.

Tulikusudia kwenda madukani Jumamosi. Mwenyeji wetu alitabasamu, akatueleza kwamba Waadventista Wasabato ni wengi mno katika nchi ya Wagusii, na siku hiyo maduka mengi hufungwa. Tukaenda Alhamisi. Matatu ilitupitisha Kebirigo, penye kiwanda cha chai, kati ya vilima vilivyovikwa migomba na majani mabichi, hadi Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira.

Tulianzia katika duka kubwa la kujihudumia lililo kando ya barabara. Ndani mna kila kitu, kuanzia unga hadi magodoro. Bei zimebandikwa, na hakuna wa kukuharakisha wala wa kukubembeleza. Raha hiyo ina mtego wake: mkono huchukua kisichokuwamo katika orodha. Tulirudisha rafuni biskuti za bei kubwa, na peremende ambazo karatasi yake ilitaja jelatini bila kueleza imetokana na mnyama gani. Tukabaki na mablanketi mawili ya shilingi 950 kila moja, chupa ya chai, ndoo, sabuni na mafuta. Tulikisia kwamba jumla ingepita 3,000. Msichana wa kaunta akatutajia 2,450. Tukamshukuru Mungu kwa wepesi huo, tukapanga vitu katika makapu yetu ya ukindu, maana tangu mwaka 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, kisha tukavuka barabara kwenda kwenye mitumba.

Huko ni ulimwengu mwingine. Nguo zimelundikwa juu ya maturubai, nyingine zimetundikwa kwenye miti, na wauzaji huziita bei kwa sauti. Nguo za kwanza kuchaguliwa robota linapofunguliwa, zile zilizo nzuri kuliko zote, huitwa kamera; za mwisho, zilizochambuliwa na kila mtu, huitwa fagia. Watu wengi hudhani kwamba biashara hii ni ya mzaha. Lakini mwaka 2020, Serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa ajili ya korona, familia nyingi zilizotegemea vibanda hivi zilionja dhiki.

Tulisimama kwa mama mmoja aliyetulaki kwa "Bwakire", salamu ya Kigusii, kisha akaendelea kwa Kiswahili: "Karibuni, kina mama wa Mombasa." Mabuibui yetu yalikuwa yametutangulia kusema. Binti alichagua sweta ya buluu. Kabla hatujauliza bei, mama yule aliigeuza ndani nje, akatuonyesha tundu dogo chini ya kwapa. "Mwone sasa," akasema, "msije mkanilaumu mkifika nyumbani." Akapunguza bei bila kuombwa. Tulipomsifu, alitueleza kwamba yeye mwenyewe hununua robota likiwa limefungwa, asijue kilichomo. Safari nyingine hupata nguo njema. Safari nyingine nusu yake ni matambara, na hasara hiyo haina wa kuibeba ila yeye.

Tulikumbuka kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.), kilichopokewa na Imamu Muslim. Alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, akakuta unyevu. Alimuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Mama huyu si wa dini yetu, wala hakuna aliyemsomea kisa hicho, lakini alikuwa amekwisha kukitenda.

Tulinunua sweta mbili na koti, kwa jumla ya shilingi 1,300. Wakati wa swala ulipoingia, alitutandikia gunia safi nyuma ya kibanda chake, akasimama mbele yetu kutusitiri. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Tulipokuwa tukinywa chai, binti akaitoa risiti ya duka kubwa apate kuandika matumizi yake. Akaisoma mara mbili, akanyamaza. Blanketi lililoandikwa lilikuwa moja.

Hatutaficha kwamba tulisitasita. Mmoja wetu alisema kosa si letu, na duka lile ni kubwa, halitalihisi pengo la shilingi 950. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa gambuti za kuvukia matope ya chuoni. Binti hakutia neno, alitutazama tu. Mtoto anayekwenda kuishi peke yake, mbali na macho ya wazazi, alikuwa akingoja kuona wakubwa wake watafanya nini wasipoonwa na mtu. Tukainuka.

Msichana wa kaunta alidhani tumekuja kulalamika. Alipofahamu, alitushika mikono. Alisema kwamba bidhaa zikihesabiwa na kuonekana zimepungua, wao wa kaunta ndio wanaokatwa mishahara. Kumbe tuliyemdhania kuwa duka kubwa alikuwa binti wa watu, pengine umri mmoja na wetu.

Gambuti zilisubiri hadi mwezi uliofuata.

Kwa familia zinazopeleka watoto bara, tunausia machache. Andikeni orodha na kiasi cha fedha kabla ya kutoka. Nguo nzito tafuteni kwanza kwenye mitumba, na mzikague kwapa, kola na zipu. Asili ya nguo ni tohara maadamu najisi haikuthibiti, lakini zifueni vizuri kabla ya kuvaliwa, kwa afya na kwa utulivu wa moyo. Bishaneni bei kwa upole, pasipo kumvunja muuzaji anayetafuta riziki ya wanawe. Na risiti isomeni pale pale kaunta, si kwa kuchelea kupunjwa tu, bali pia kwa kuchelea kupunja.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu walio mbali, na atujaalie kula na kuvaa vya halali. Amin.