Wapokomo na Waorma: Ni nani anayekula vyema kwa gharama ndogo?

MSOMAJI, je, umewahi kujiuliza ikiwa chakula cha kiasili kinashinda kile unachokinunua mjini kila siku? Jibu laweza kupatikana Kinakomba, katika Kaunti ya Tana River, ambako jamii mbili jirani zimelelewa kwa vyakula viwili tofauti.

Wapokomo ni wakulima wa kando ya mto. Maji ya mafuriko yakipungua, wao hupanda mpunga, mahindi, pojo na kunde katika udongo wenye rutuba. Hula pia ndizi, maembe na samaki. Waorma ni wafugaji. Chakula chao tangu jadi ni maziwa, pamoja na nyama na samli.

Je, ni mlo upi ulio bora?

Tuanze na mkulima. Gramu 100 za pojo kavu zina takriban gramu 24 za protini, karibu sawa na mayai manne. Pojo zikiliwa kwa wali au sima, protini za vyakula hivi viwili hukamilishana. Majani ya kunde yana madini ya chuma, na embe bivu huleta vitamini A. Lakini mlo huu ukibaki sima tupu, mtoto hudhoofika ingawa tumbo limejaa.

Sasa mfugaji. Nusu lita ya maziwa ina takriban gramu 16 za protini, madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa, na vitamini B12 ambayo haipatikani katika nafaka wala mboga. Hata hivyo, maziwa yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto anayetegemea maziwa ya ng'ombe pekee anaweza kupungukiwa na damu. Tena maziwa mabichi yaweza kuambukiza ugonjwa wa brusela, kwa hivyo ni lazima yachemshwe.

Basi hakuna mshindi. Anachokosa mmoja, jirani yake anacho. Wazee walilijua hilo zamani: maziwa ya Waorma yalibadilishwa kwa nafaka za Wapokomo, na kila nyumba ikapata mlo kamili bila gharama kubwa.

Unafuu huo unategemea mto na amani. Mabwawa yaliyojengwa juu ya Mto Tana, likiwemo la Masinga lililokamilika 1981, yamepunguza mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakinywesha mashamba. Wakati wa ukame, mfugaji huuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya chini wakati ule ule unga unapopanda bei. Na mwaka wa 2012, mapigano kati ya jamii hizi mbili katika delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100. Majirani wasipouziana, sahani za pande zote mbili hupungua.

Wewe wa mjini una soko lenye vyote hivi, lakini huenda pesa zako zinaishia kwa chipsi, mandazi na soda. Soda ya mililita 300 huwa na takriban vijiko saba vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidishe takriban vijiko sita kwa siku nzima.

Fanya hivi:

• Nunua pojo, kunde au maharagwe kwa kilo, uyale badala ya nyama siku kadhaa za wiki.

• Pendelea unga wa posho kuliko ule uliokobolewa, lakini hakikisha mahindi ni makavu na hayana kuvu. Sumu ya aflatoksini iliua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004.

• Kamulia mboga za majani limau, na usinywe chai pamoja na mlo. Limau huusaidia mwili kupata madini ya chuma, chai huuzuia.

• Mpe mtoto maziwa yaliyochemshwa pamoja na chakula kingine, wala si maziwa pekee. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe maziwa ya ng'ombe mahali pa yale ya mama.

Kabla ya kusema chakula bora ni cha matajiri, piga hesabu ya pesa ulizotumia kwa soda na chipsi wiki iliyopita. Kisha uliza bei ya kilo moja ya pojo.