Mjomba Aliuliza Nani Kapiga Besi

Jumapili moja nilimpigia Mjomba simu ya video huku santuri ikizunguka nyuma yangu. Ulikuwa wimbo wa Marvin Gaye uliobeba jina la albamu nzima, "What's Going On". Mjomba alipiga besi katika bendi ya dansi Dar es Salaam kwa miaka mingi, mpaka vidole vilipoanza kumuuma. Nilikuwa sijamaliza shikamoo, akanyoosha mkono ninyamaze. Akasikiliza, uso umeinama, kisha akauliza: "Mjomba, nani huyo kapiga besi?"

Hakuuliza nani anaimba. Mimi naishi Michigan, mwendo wa saa moja kutoka mji ulikorekodiwa wimbo ule, na sauti ya Marvin naijua hata nikiwa usingizini. Jina la mpiga besi sikuwa nalo. Nikafungua kasha la santuri, na kumbe liliandikwa humo tangu 1971: James Jamerson. Kando yake kuna neno la kumsifu kwamba hana mfano.

Ni kasha hilo lililonikalisha niandike. Kwa kampuni ya Motown, kuchapisha majina ya wapigaji ndani ya albamu lilikuwa jambo geni kabisa.

Berry Gordy alianzisha kampuni hiyo Detroit mwaka 1959, katika nyumba ya kawaida namba 2648, West Grand Boulevard. Nyumba ile mpiga picha ndiye aliyekuwa akiitumia zamani. Chumba cha nyuma kikageuzwa studio, na dari likatumika kuvuna mwangwi. Wapigaji walikiita chumba kile shimo la nyoka, kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia juu ya vichwa vyao. Wenyewe walijulikana kama Funk Brothers. Wengi walikuwa watu wa jazi: usiku walipiga kwenye vilabu vya mjini, mchana wakashuka shimoni kupiga nyimbo za Supremes, Temptations, Four Tops na Stevie Wonder. Dunia nzima ilicheza mikono yao. Santuri iliandika jina la mwimbaji, la mtunzi na la mtayarishaji, basi.

Kwetu mwimbaji wa dansi humwita mcharaza gitaa kwa jina katikati ya wimbo, ili msikilizaji ajue sasa anaingia nani. Mjomba ameitwa hivyo mara nyingi, na bado anakumbuka nyimbo zipi. Wanaume wa West Grand Boulevard walipiga zaidi ya miaka kumi bila kuitwa.

Wimbo wenyewe haukuzaliwa studio. Mei 1969, Renaldo Benson wa kundi la Four Tops alikuwa Berkeley, California, akaona polisi wakiwapiga vijana waliokusanyika kutetea bustani iliyoitwa People's Park. Akaanza kuutunga, na Al Cleveland akamsaidia. Wenzake kundini waliukataa, wakaona ni wimbo wa maandamano. Benson akaupeleka kwa Marvin Gaye.

Marvin wakati huo alikuwa mtu aliyeumia. Tammi Terrell, mwenzake katika nyimbo za wawili, alifariki Machi 1970 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 24. Mdogo wake Marvin, Frankie, alikuwa ametoka vitani Vietnam na habari zisizosimulika mezani. Marvin akaugeuza wimbo wa Benson, akaongeza maneno na sauti, kisha akasema atautayarisha mwenyewe. Motown ilikuwa imezoea kazi ya mgawanyo: huyu anatunga, yule anatayarisha, mwimbaji anaimba anachopewa. Mwimbaji kushika usukani wote lilikuwa ombi zito.

Juni 1970 wakaingia studio. Naipenda siku hiyo, maana karibu kila kinachoufanya wimbo uwe ulivyo kilitokea pembeni ya mpango.

Sikiliza mwanzo: saksafoni ya alto inayopanda kwa upole kabla ya kitu kingine chochote. Ni Eli Fontaine. Alikuwa anapasha ala tu, anachezea sauti akisubiri kazi ianze. Marvin alisikia, akamwambia imetosha, anaweza kwenda nyumbani. Mazungumzo unayoyasikia chini ya saksafoni, ya wanaume wanaosalimiana kama wamekutana kibarazani, ni ya marafiki wa Marvin. Miongoni mwao wamo Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Detroit Lions.

Kwenye ngoma alimweka Chet Forest, aliyetoka kwenye bendi kubwa za jazi na hakuwa mpigaji wa kila siku wa Motown. Benny Benjamin, aliyekuwa nguzo ya ngoma pale, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marvin mwenyewe alianza Motown akiwa mpiga ngoma, kwa hiyo alijua anataka nini: mdundo usiosukuma, unaoelea. Wimbo hauna ule mpigo mzito wa mguu na makofi uliouza santuri za Motown katika miaka ya sitini. Nafasi yake imejazwa na tumba za Eddie Brown na Earl DeRouen, na matari ya Jack Ashford. Mtu aliyekulia kwenye dansi huisikia tumba hiyo mara moja. Inamwambia mguu la kufanya wakati ngoma kubwa imenyamaza.

Sauti mbili za Marvin nazo zilikuja kwa bahati. Aliimba sehemu ya kuongoza mara mbili kwa namna mbili tofauti, akamwomba fundi mitambo Ken Sands amwandalie mkanda alinganishe. Sands akaziweka sauti zote mbili kwenye mkanda mmoja, na zilipochezwa zikasikika kwa pamoja, moja ikiongea, nyingine ikiomba. Marvin akazipenda hivyohivyo. Tangu hapo akawa anaimba na nafsi yake mpaka mwisho wa maisha.

Sasa swali la Mjomba. Waliokuwepo wamesimulia kwamba Marvin alimtaka Jamerson na hakumtaka mwingine, akamtafuta akampata anapiga kwenye baa, akamleta studio. Jamerson alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti. Akalala chali sakafuni, besi juu ya tumbo, akasoma nota akiwa vilevile. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba wamerekodi kazi kubwa.

Nasita kulisimulia hilo kama kichekesho. Pombe ilimla mtu yule. Ila sikiliza alichokipiga akiwa chini pale. Besi ya kawaida hushika sauti ya msingi na kuilinda, kama mlinzi wa geti. Ya Jamerson inatoka, inazunguka kupitia sauti za katikati ambazo hazimo kwenye kodi, inachelewa nusu pigo, inarudi nyumbani mlango ukiwa bado wazi. Ukiifuata peke yake utadhani ni mwimbaji wa tatu. Na alitumia kidole kimoja tu cha kulia, cha shahada, kwenye Fender Precision ya 1962 ambayo nyuzi zake hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Waya wa besi ulichomekwa moja kwa moja kwenye mitambo bila kupitia spika yenye maikrofoni mbele. Ndiyo maana unasikia nyama ya kidole.

Alizaliwa 1936 kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, wanakoishi Wagullah, watu weusi waliotunza lugha na desturi zao kwa karne nyingi. Inasimuliwa kwamba utotoni alichomeka fimbo kwenye kichuguu, akafunga mpira wa kuvutika, akawa anaupiga ili sisimizi wacheze.

Kati ya mpigaji wa namna hiyo na mwimbaji asiyejua kuandika nota alisimama David Van DePitte. Marvin alikuwa akimwimbia alichokisikia kichwani, au anakitafuta kwenye piano, na Van DePitte anakiandika kwa ajili ya watu zaidi ya ishirini: fidla zilizoongozwa na Gordon Staples wa orkestra ya Detroit, vipulizwa, kinubi, selesta. Kwa maoni yangu yeye ndiye asiyetajwa inavyostahili hata leo. Fidla za Motown kabla ya hapo zilikuwa pambo la juu ya keki. Hapa zinapumua pamoja na sauti ya Marvin; anaposhusha pumzi nazo zinashuka.

Gordy hakuupenda wimbo, na ofisi ikakataa kuutoa. Marvin akagoma kurekodi kitu kingine. Ulipotoka hatimaye Januari 1971 ukauzwa kwa kasi ambayo kampuni haikuitegemea, na ghafla ikaonekana albamu inahitajika upesi. Machi 1971, kwa muda wa siku kama kumi hivi, zikarekodiwa nyimbo nyingine nane. Upande wa kwanza zimeunganishwa bila mapengo, wimbo unamwachia mwenzake mlango. Besi ya "Mercy Mercy Me" na "Inner City Blues" ni ya Bob Babbitt, na saksafoni ya tenor inayolia kwenye ule wa kwanza ni ya Wild Bill Moore. Albamu ikachanganywa Detroit, Marvin hakuridhika, ikachanganywa upya Los Angeles, na Mei 1971 ikatoka. Ule mchanganyiko wa Detroit ulitolewa mwaka 2001. Mimi nauchagua huo: ngoma na besi zimekaa karibu na mtu, utadhani umeketi chumbani mle.

Nilimweleza Mjomba yote haya kwa awamu, jioni baada ya jioni. Naye akanipa lake. Novemba 1969, alipokuwa na miaka 17, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Magazetini kukawa na mabishano makali, wengine wakiuliza vipi muziki wa watu weusi wa Marekani uitwe wa kigeni kuliko twist. Mjomba anasema yeye na wenzake waliendelea kusikiliza ndani, sauti chini, madirisha yamefungwa. Anadhani marufuku hiyo ndiyo iliyomfundisha kusikiliza besi: ukipunguza sauti ya redio namna ile, lazima uitafute.

Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles. Kwa wapigaji wa Detroit habari ilifika kama tangazo mlangoni kwamba hakuna kazi siku hiyo. Jamerson alihamia huko pia, lakini mambo hayakumnyookea. Machi 1983 kampuni ilifanya onyesho kubwa la televisheni kuadhimisha kile ilichokiita miaka yake 25. Yeye hakualikwa jukwaani. Inasimuliwa alinunua tiketi, akakaa nyuma. Agosti mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka 47. Filamu ya kuwasimulia Funk Brothers ilitoka 2002, ikimkuta kaburini.

Nilimpigia Mjomba picha ya ndani ya kasha, nikamtumia. Akavaa miwani, akasoma majina kwa sauti mojamoja, kama mtu anayeita mahudhurio: Jamerson, Babbitt, Forest, Ashford, Messina, White, Van Dyke, Griffith. Kisha akaniwekea simu juu ya kitanda, nikawa naona dari na feni tu, nikasikia sanduku linaburutwa. Baada ya muda ikaja sauti ya besi kavu, isiyo na umeme. Alikuwa anajaribu kwa kidole kimoja. Alifika mahali akapotea, akanyamaza.

"Rudisha pale mwanzo," akasema.