Mjomba, mbona halitoi moshi?

Dada yangu ameolewa Nyakoe, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu. Likizo ya Agosti wanawe wawili, mmoja wa miaka saba na mdogo wake wa minne, walinipa kazi ambayo mjomba hawezi kuikataa: wanataka kuona treni. Si ajabu. Kisii na Nyamira hakuna reli. Ile ya zamani ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901, ikawapita Wakisii na milima yao. Hata SGR imekomea upande wa Naivasha. Treni ya mtoto wa Nyakoe ni ile ya kwenye simu ya babake.

Nikawapeleka Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Pale kuna garimoshi nambari 5918, jina lake Mount Gelai, la tani 252, lililoundwa Manchester miaka ya hamsini. Mkubwa alipanda, akashika kila chuma alichoweza kukishika. Mdogo alisimama mbali, akaniuliza: "Mjomba, mbona halitoi moshi?" Nikamwambia limestaafu. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika na jibu langu.

Ndiyo maana leo nawaeleza wasomaji juu ya kitu ambacho kwetu hatunacho: reli ndogo ya kupandwa na watoto. Uingereza ziko nyingi, kwenye bustani za miji na viwanja vya vyama vya mafundi wa kujitolea. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na SGR 1,435. Hizo ndogo huwa 184, nyingine 127 tu, yaani kama shubiri moja au pungufu. Abiria hukaa juu ya behewa kama aliyepanda punda wa Lamu, miguu huku na huku.

Lakini si mchezo wa plastiki. Kichwa cha treni kinachofika gotini kina tanuri la makaa, boila la maji, na mvuke unaosukuma pistoni, pistoni zikazungusha magurudumu. Mtoto anamwona dereva akitia makaa kwa kijiko, anasikia maji yakichemka, kisha anaona gurudumu likigeuka. Kwenye Mount Gelai huwezi kuyaona yote hayo kwa jicho moja, hata kama lingekuwa na moto.

Je, kitu kidogo hivyo kinawezaje kuvuta watu kumi na zaidi? Muulize msukuma mkokoteni wa Kongowea tofauti ya mchanga na lami. Gurudumu la chuma juu ya chuma ni wepesi kuliko hata huo wa lami, almuradi njia isiwe na mlima mkali.

Anayeendesha halipwi. Ni fundi mstaafu, mwalimu, karani, anayekuja Jumapili na ovaroli yake. Nauli hununua makaa na vipuri. Boila lazima likaguliwe na kupimwa shinikizo kabla ya kubeba umma, maana mvuke hautambui kama wewe ni wa kujitolea. Watu wa namna hii ndio walioiokoa reli ya Talyllyn kule Wales mwaka 1951, ilipokuwa karibu kufa, wakawa wa kwanza duniani kuendesha reli kwa kujitolea.

Kwa aliye na jamaa huko na anataka kupeleka wadogo: wa chini ya miaka mitano atazame kwanza treni moja ipite ndipo apande ya pili. Honi ya mvuke ni kali, mwambie mapema. Mkalishe mbele yako, miguu juu ya ubao, na asiinamie upande, kwa sababu behewa jembamba hupinduka. Kanzu nyeupe iacheni nyumbani, masizi hayana adabu.

Na sisi Waswahili tusijione wageni wa mambo haya. Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vijireli barabarani, vigari vikisukumwa na watu kutoka mjini hadi Kilindini. Unguja, treni ilianza 1905 kutoka Ngome Kongwe kwenda Bububu, ikipenya vichochoroni, hadi ilipofungwa miaka ya 1920. Hivi sasa mitaani mwetu wako wazee waliofanya kazi karakana za reli, wanaojua kuunga bomba la mvuke, wanacheza bao barazani. Mita mia mbili za reli kwenye uwanja wa shule, wazee watano na vijana wa chuo cha ufundi, si jambo la kungoja mfadhili.

Juzi dada alinipigia. Mdogo ametengeneza treni ya vigogo vya mgomba, mabehewa manne. Moshi ni vumbi analorusha kwa mkono, na honi anaipiga mwenyewe kwa mdomo, tangu alfajiri.