Ploti ya Nakuru: Ada Kubwa Kuliko Zote na Ufa Usioonekana

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa anayetafuta ploti Kiamunyi, Lanet au Bahati, neno "jiji" lina bei yake.

Ada kubwa kuliko zote atakazoilipa serikali ni ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini, asilimia 2 mashambani. Ploti ya milioni 2 itamdai shilingi 80,000 upande mmoja wa mpaka, 40,000 upande wa pili. Thamani huthibitishwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii kitu.

Kodi iliyopanda kwa kishindo zaidi ni ya faida ya mauzo, iliyotoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Hiyo ni ya muuzaji. Soma mkataba usije ukabebeshwa wewe.

Sheria kali kuliko zote ni ile ya udhibiti wa ardhi ya kilimo, ya 1967. Ombi la idhini ya bodi ya ardhi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, sheria inayahesabu mauziano kuwa batili, nawe unabaki kudai pesa zako kama deni. Hapa kwetu jambo hili linauma, kwa sababu ploti nyingi za futi 50 kwa 100 zilikatwa kwenye mashamba yaliyonunuliwa na kampuni za wanahisa baada ya uhuru. Mtu amejenga, miti imekomaa, cheti cha hisa anacho, hatimiliki hana.

Lakini kinachopuuzwa kuliko vyote ni ardhi yenyewe. Juu ya mji kuna Menengai, mojawapo ya kaldera kubwa zaidi Afrika, na majivu yake ya kale ndiyo udongo tunaojengea. Mvua kubwa huyachimba kwa chini hadi nyufa zifunguke. Machi 2018 ufa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha liliingia nyumba za Kihoto. Na maji ya visima vingi yana floraidi inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Kabla ya kutoa arubuni, fanya sachi kwa msajili wa ardhi, mwite soroveya akuonyeshe bikoni, kisha waulize majirani maji ya masika hupita wapi.