Kuishi na Kisukari (3): Mgonjwa Anahitaji Mwenza, Hahitaji Askari

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza kisukari ni nini, na jinsi vidonge na insulini vinavyofanya kazi mwilini. Leo tunaingia mahali ambapo daktari hafiki: mezani, chumbani, na katika maneno ya kila siku kati ya mgonjwa na watu wake. Kisukari hakina likizo. Mgonjwa akishatoka kliniki hujiuguza mwenyewe hadi tarehe nyingine, mbele ya mume au mke, watoto, mashemeji na majirani. Nyumba ikiwa na amani, mzigo huo hubebeka. Ikijaa lawama, hata dawa nzuri huelemewa.

Tuanze na sukari kushuka, kwa sababu huzua ugomvi ambao wenyewe baadaye hushindwa kuueleza. Tuseme fundi cherehani wa Tanga amemeza kidonge chake cha glibenklamidi asubuhi, wateja wakamsonga, mchana ukapita hajatia kitu mdomoni. Saa kumi anaingia nyumbani, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Mkewe anamuuliza kwa upole, "Baba Salma, mbona leo umechelewa?" Anafoka, anasukuma kiti, anatoa maneno ambayo hajawahi kuyatoa tangu wafunge ndoa.

Mke naye akipandisha, usiku huo hakulaliki. Kumbe tatizo liko kwenye damu. Ubongo huendeshwa na sukari. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, mwili humwaga adrenalini, na hiyo ndiyo inayoleta jasho, mtetemo na moyo kwenda mbio. Ubongo uliopungukiwa nao hupoteza subira na utulivu wa kufikiri.

Mke anayelijua hili hajibizani. Hukoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, akampa anywe, wakasubiri dakika 15 na kupima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, anarudia. Ikishapanda, anampa chakula. Akizirai, asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Watoto wakubwa nao wafundishwe hatua hizi. Hali hiyo ikijirudia, daktari aelezwe ili aangalie upya dozi.

Sukari ikipanda, ndipo ndugu wengi wanapogeuka askari. Kipimo kinasoma 15, na swali la kwanza ni, "Umekula nini wewe?" Mara nyingine amekula kweli. Lakini sukari hupanda pia kwa homa, kwa kukosa usingizi, na kwa mawazo. Mtu akigombana au akiwaza ada ya mwanawe, mwili hutoa kotisoli na adrenalini, na homoni hizi huliamuru ini kumwaga akiba yake ya sukari kwenye damu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa amekula vizuri kutwa nzima na bado akasoma juu. Ukimshitaki kwa kosa asilolitenda, sukari haitashuka, na yeye atajifunza jambo moja tu: kuficha. Atapima kwa siri, atadanganya namba, ataruka siku ya kliniki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa methali hiyo. Waambiwe pia wale wanaomfanya aogope kusema.

Kwenye chakula, kosa la kawaida ni kumtenga. Familia inakula wali na nyama, yeye anawekewa kisahani chake pembeni kana kwamba yuko adhabuni. Hakuna sababu ya kitabibu ya kufanya hivyo. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au kabichi, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iwe maharage, samaki au nyama. Hicho ni chakula chema kwa kila mtu wa nyumba hiyo, hasa watoto wake, ambao nao wamo hatarini kwa kuwa kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo. Kwenye harusi, shangazi mwenye upendo atamsukumia soda. Mume au mke aliye karibu anaweza kusema, "Shangazi, sisi tunakunywa maji." Neno "sisi" humwondolea mgonjwa aibu ya kujieleza mbele za watu.

Sasa tuzungumze chumbani, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi wenye kisukari hupungukiwa nguvu za kiume. Mume huona haya, hujitenga, hulala akitazama ukuta. Mke huamini kuna nyumba ndogo. Kwa mwanamke, sukari ya juu hurutubisha fangasi ukeni, muwasho ukawa haukomi, na mume akadhani ameletewa ugonjwa wa zinaa. Ndoa huvunjika kwa tuhuma hizi, ilhali hali zote mbili zina matibabu hospitalini. Mwambieni daktari mkiwa pamoja. Na asinunue mtu dawa za kuongeza nguvu mitaani, maana zikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo huweza kuua.

Kuna maumivu mengine yasiyoonekana. Sonona huwapata watu wenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya wasio nacho. Kuchoka na sindano na masharti ni jambo la kibinadamu. Lakini mtu akikaa wiki mbili na zaidi bila furaha na lolote, halali au analala kutwa, anaacha dawa, anasema hana faida duniani, huo si uvivu wala upungufu wa imani. Ni ugonjwa unaohitaji tiba, na akitaja kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja.

Msaada hauhitaji kuanza na mtaalamu. Nchini Zimbabwe, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi 14 wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na washauri wa namna hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Hao bibi hawakuwa na shahada. Walifundishwa kusikiliza, kisha kumsaidia mtu achague tatizo moja na hatua moja ya kuanzia.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mwenye kisukari, muulize leo swali moja: "Ni jambo gani ninalolifanya linakuongezea mzigo?" Sikiliza bila kujitetea. Kisha tarehe ya kliniki ikifika, nenda naye, uingie naye hadi ndani. Wiki ijayo tutaeleza utunzaji wa miguu.