Kabla ya kununua trekta la mtumba, ijue klachi yake

MKULIMA anayekwenda kukagua trekta la mtumba huwa na orodha yake kichwani. Injini iwake bila kusumbua, moshi usiwe mzito, haidroliki inyanyue jembe, matairi yawe na kashata. Klachi hupewa dakika moja: pedali inakanyagwa, gia inaingia bila kulia, na mazungumzo yanahamia kwenye bei.

Dakika hiyo moja haitoshi. Klachi ndiyo inayoamua trekta litafanya kazi zipi, na ikiharibika, katika matrekta mengi ya kilimo fundi hulazimika kulifungua trekta vipande viwili, injini huku na giaboksi kule. Kifaa chenyewe kinaweza kupatikana kwa bei ya kuvumilika. Kinachouma ni wiki ambayo trekta linalala gereji huku mvua zimeshaanza na wateja wa kulimiwa wamehamia kwa jirani.

Utaratibu wake ni rahisi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, linalozunguka muda wote injini inapowaka. Karibu nalo kuna sahani nyembamba yenye utando mgumu wa kusugulia pande zote mbili, na sahani hiyo imeshikana na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Nyuma yake kuna presha pleti yenye springi kali, inayoibana sahani dhidi ya flaiwili. Pedali ikiwa juu, vitu vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ikikanyagwa, beringi husukuma springi, sahani inaachiwa, na magurudumu hayapati tena nguvu ya injini.

Hakuna meno wala mnyororo. Kinachovuta tani za mzigo ni msuguano mtupu, na msuguano ukiteleza huzaa joto. Klachi iliyobanwa sawasawa haichakai, kwa kuwa hakuna kinachosuguana. Inachakaa katika zile sekunde za kati, pedali inapopanda. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali siku nzima shambani anazirefusha sekunde hizo kuwa saa.

Trekta lina jambo ambalo gari halina: shafti ya nyuma inayozungusha zana, maarufu kama PTO, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Hapa ndipo aina ya klachi inapoingia kwenye hesabu za mkulima.

Trekta la klachi moja hukata kila kitu kwa pamoja. Pedali ikikanyagwa, trekta linasimama na shafti ya nyuma nayo inapoteza nguvu. Katika baadhi ya matrekta ya zamani hata haidroliki husimama. Kwa mtu anayelima kwa jembe la sahani, kupiga haro na kuvuta tela, hilo si tatizo, na hana sababu ya kulipa zaidi. Hata mashine ya kupukuchua mahindi itafanya kazi vizuri, kwa kuwa trekta limeegeshwa na gia iko huru.

Shida huanza kwa zana zinazofanya kazi huku trekta likitembea. Mashine ya kufunga majani makavu ikishiba kupita kiasi, dereva anahitaji trekta lisimame huku mashine ikiendelea kumeza. Kwa klachi moja hawezi. Mashine ya kufyeka nyasi ina hatari kubwa zaidi. Visu vyake vizito huendelea kuzunguka baada ya klachi kukatwa, na kwa kuwa shafti ya nyuma bado imeungana na giaboksi, visu hivyo huweza kulisukuma trekta mbele ingawa pedali imekanyagwa mpaka chini. Anayelazimika kutumia trekta la aina hiyo kwa kufyeka afunge kwenye shafti kiungo kinachovuta upande mmoja tu, kama friwili ya baiskeli.

Klachi mbili hutatua hilo. Ndani kuna sahani mbili: moja ya mwendo, nyingine ya shafti ya nyuma. Pedali ikikanyagwa nusu, trekta linasimama na shafti inaendelea. Ikikanyagwa mpaka mwisho, vyote vinasimama. Matrekta mengine, hasa ya miaka ya karibuni, yana klachi ya PTO inayojitegemea kabisa, yenye sahani kadhaa ndani ya mafuta, nayo huendeshwa kwa mkono au swichi.

Sura ya nje haisemi ukweli. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lilitoka kiwandani likiwa na klachi moja au mbili, kwa hiyo matrekta mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kuwa na uwezo tofauti. Njia ya kujua ni kuliwasha kwenye uwanja tambarare bila zana, kuwasha shafti ya nyuma, kuingiza gia ndogo, kisha kukanyaga pedali nusu huku mtu wa pili akitazama shafti akiwa mbali nayo, kando ya njia ya trekta.

Uchakavu nao una jaribio lake. Vuta breki ya mkono, ingiza gia kubwa, achia pedali taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwani lenyewe linapika sahani.

Wenye pikapu nao wanaijua harufu ya klachi inayoungua, hasa wanaopandisha mzigo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Foleni ikisimama mlimani, dereva hulishikilia gari kwa klachi badala ya breki. Anaona hajaharibu kitu kwa sababu gari halijarudi nyuma.

Pikipiki inataka uangalizi wa namna nyingine. Klachi yake ni ndogo, kwa hiyo kiwanda kimeongeza idadi ya sahani, zikapangwa kama chapati na kulazwa ndani ya mafuta yaleyale ya injini. Mafuta hayo huondoa joto, lakini si kila mafuta yanafaa. Baadhi ya mafuta ya magari yana dawa ya kupunguza msuguano, na bodaboda iliyobeba matenga ya nyanya itaanza kupiga kelele bila kuongeza mwendo. Kopo la kutafuta ni lenye alama ya JASO MA au MA2.

Ipo pia klachi isiyo na pedali wala mkono. Kwenye msumeno wa mnyororo, vipande vya chuma vilivyoshikwa na springi hutanuka mzunguko unapoongezeka, vikabana ngoma inayovuta mnyororo. Mnyororo ukizunguka injini ikiwa imepoa kwenye silensa, ama silensa imepandishwa mno, ama springi imechoka, na msumeno huo usitumike kabla ya kurekebishwa.

Kwa trekta lililokwisha kufunguliwa, kubana matumizi kwa kubadili sahani peke yake ni hesabu mbaya. Presha pleti na beringi vibadilishwe hapohapo, flaiwili ikaguliwe kama haijachimbwa na ripiti, na sili ya nyuma ya injini itazamwe, kwani oili ikivuja juu ya sahani mpya itateleza tangu siku ya kwanza. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa hewa. Sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.